Vidonge vya Damu Visibaki Kabatini

Kila tunapokaa na kina mama wajawazito tunasikia neno lile lile: vidonge vya kuongeza damu vilivyotolewa kliniki vimebaki kabatini. "Vinanitapisha," husema mmoja. Mwingine ameona choo chake kimekuwa cheusi, akaogopa na kuviacha. Hatumlaumu, kwani mara nyingi hakuelezwa. Hebu tuelezane.

Mwili wa mjamzito hudai damu zaidi, na damu haitengenezwi bila madini ya chuma. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Mama aliyepungukiwa damu, akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hana akiba ya kumwokoa.

Choo cheusi kisikutishe. Ni chuma ambacho mwili haukukitumia. Lakini kama choo ni laini, kinanata kama lami na kinanuka vibaya kupita kawaida, au unatapika damu, nenda hospitali mara moja.

Ukisikia kichefuchefu, meza kidonge usiku kabla ya kulala, au baada ya kula kidogo. Ukifunga choo, kunywa maji kwa wingi, ule mboga za majani na matunda. Ukiona bado unasumbuka, usiache kimya kimya. Mwambie muuguzi, maana kipimo chaweza kubadilishwa.

Usimeze kidonge kwa chai, kahawa wala maziwa, kwa kuwa huzuia chuma kuingia mwilini. Tumia maji au maji ya machungwa, na chai isubiri saa moja au mbili. Ule udongo ambao wengi wetu huutamani wakati wa mimba nao huzuia chuma, tujitahidi kuuacha.

Mweleze muuguzi dawa nyingine zote unazotumia, hata zile za kiungulia ulizonunua dukani. Mwenye selimundu asimeze chuma mpaka daktari amempima. Wala tusijiongezee foliki: vidonge vya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP, dawa ya kukinga malaria tunayopewa kliniki.

Neno la mwisho ni kuhusu watoto wetu. Vidonge hivi vina rangi ya kupendeza kama peremende, lakini vichache tu vyaweza kumwua mtoto mdogo. Tuviweke juu, tena kwa kufuli. Mtoto akivimeza, mkimbize hospitali na pakiti yake mkononi, hata kama anacheza, kwa sababu huweza kuonekana amepona kisha akazidiwa ghafula.

Basi mama, leo usiku fungua kabati. Chukua kidonge chako kimoja na maji, kisha funga tena.