Sherehe zetu zisiache jalala nyuma

Miaka michache iliyopita nilialikwa kutoa mhadhara katika kongamano la chuo kimoja humu nchini. Mada yangu ilikuwa dhima ya Kiswahili katika kuhifadhi mazingira. Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa maputo, mbele ya kila mgeni paliwekwa chupa mbili za maji, na chakula cha mchana tulikila katika sahani za plastiki za kutumiwa mara moja. Nilizungumza, nikapigiwa makofi. Jioni, nikielekea nyumbani, niliona moshi mweusi ukifuka nyuma ya jikoni. Zilikuwa ni sahani zetu zikiteketezwa. Mwanafunzi aliyekuwa akinisindikiza aliniuliza kwa adabu: "Mwalimu, kati ya mhadhara wako na moshi ule, tuamini kipi?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, ijapokuwa limechelewa.

Neno karamu tulilipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu ukarimu na heshima. Karamu basi, kwa asili ya neno lenyewe, ni tendo la kumheshimu mgeni. Je, ni ukarimu gani huu unaomheshimu mgeni kwa saa tatu, kisha ukamvunjia heshima kwa miaka mtu asiyealikwa, yule anayeishi kando ya jalala? Sisi husema tumetupa kitu kana kwamba kikishatoka mikononi mwetu kimetoka duniani. Kwa mkazi wa Nairobi, huko tunakotupa kuna jina: ni Dandora, jalala lililoanza kutumiwa katika miaka ya 1970 na ambalo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001. Hata hivyo, malori yaliendelea kumiminika huko.

Hatuwezi kusingizia ukosefu wa sheria. Tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa. Tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zilipigwa marufuku katika mbuga, misitu, fuo na maeneo mengine ya hifadhi. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022, inayozitaka taasisi za umma na za kibinafsi zitenganishe taka zinazooza na zile zisizooza. Lakini sheria haihudhurii vikao vya kamati ya maandalizi, na huko ndiko takataka za sherehe huzaliwa. Siku yenyewe ikiwadia, maji yamekwisha kumwagika.

Tuchukue mfano wa siku ya wazazi yenye wageni 300. Kamati ikiamua kila mgeni apewe chupa mbili za nusu lita, imeagiza chupa 600 zitakazokuwa taka kabla ya machweo. Maji hayo hayo, lita 300, yangetosha katika mitungi 15 ya lita 20 inayorudishwa ikajazwe tena, pamoja na vikombe vya shule. Vivyo hivyo, bango likichapishwa jina la hafla bila tarehe, litatundikwa tena mwakani. Mashirika yanayoandaa mikutano ya wafanyakazi yangeweza kukodi basi moja badala ya kila mkubwa kuja na gari lake. Fauka ya hayo, wageni wakihesabiwa mapema, chakula hakitapikwa kwa kukisia. Chakula kinachooza jalalani huzaa gesi ya methani, ambayo huchangia kuongezeka kwa joto duniani.

Kuna watakaosema kwamba vyombo vya kuosha ni gharama. Mbona basi hatununui hema na viti vya kutupa? Hivyo tunavikodi, aghalabu kutoka kwa vikundi vya akina mama, na hakuna anayeona haya. Vikundi hivyo hivyo huwa na sufuria, sahani na vijiko. Fedha ambazo zingenunua plastiki zingemlipa mama wa kuosha vyombo kwa sabuni na maji moto, nazo zibaki kijijini.

Nijuavyo mimi, kikwazo kikubwa si gharama bali ni ufahari. Twaogopa kuambiwa tumeshindwa. Kwa wenye hofu hiyo, namkumbusha Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 2004. Alikuwa ameomba asizikwe katika jeneza la mbao. Alipofariki Septemba 2011, lilitengenezwa jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji. Akaagwa kwa mazishi ya kitaifa katika Bustani ya Uhuru, ile ile aliyoitetea mwaka wa 1989 isijengwe jumba la ghorofa 60. Ni nani aliyethubutu kusema kwamba mazishi yale yalikosa heshima?

Walimu wenzangu, wanafunzi hujifunza zaidi kwa kututazama kuliko kwa kutusikiliza. Siku ya kutoa tuzo ni somo, hata kama haimo katika ratiba. Nanyi wanafunzi, ombeni nafasi katika kamati hizo. Ulizeni maswali matatu kabla ya chochote kununuliwa: Je, tunacho tayari? Je, twaweza kuazima au kukodi? Kikishatumika, kitakwenda wapi? Swali la tatu likikosa jibu, kitu hicho kisinunuliwe.

Nami siku hizi, nikialikwa kuzungumza, huwauliza wenyeji wangu wageni watanywea nini na watalia nini. Wengine hunicheka. Nawaacha wacheke, maana swali la yule mwanafunzi lingali masikioni mwangu.