Mwili haujui tofauti ya dayati na ukame

Mkoani Singida neno njaa lina uzito wake. Mvua huko ni ya msimu mmoja kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na ikikatika katikati mahindi hukauka kabla ya kubeba. Ndiyo maana Wanyaturu na Wanyiramba wameshikamana na mtama na uwele vizazi hadi vizazi, na ndiyo maana mboga za mlenda hukaushwa zikawekwa akiba ya kiangazi. Katika nchi ya namna hiyo, mtu akisema ana njaa hupewa chakula. Yupo mmoja tu asiyepewa: yule anayepunguza mwili. Yeye akilalamika huambiwa avumilie, anywe maji, aoneshe kwamba kweli amedhamiria. Akishindwa, na wengi hushindwa, huitwa mlafi. Hukumu hiyo si ya haki, na mbaya zaidi, ndiyo inayowarudisha watu kwenye unene waliokuwa wanaukimbia.

Atatokea wa kuuliza kama Singida, yenye watoto waliodumaa, ina haja ya kuzungumzia kupungua. Swali lake ni la maana, na jibu limo katika hesabu za taifa. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 1991–92 ulikuta wanawake 11 katika kila 100 wa umri wa kuzaa nchini wana uzito uliopita kiasi. Ule wa 2015–16 ulikuta 28. Udumavu haujaondoka, unene umekuja kukaa nao nyumba moja, pengine kwenye sahani moja. Mama aliyeambiwa kliniki kwamba presha yake imepanda na apunguze uzito anahitaji kujibiwa swali lake, nalo karibu kila mara ni hili: nitaishije na hii njaa?

Kwanza ajue njaa hiyo inatoka wapi. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman huko New York lilitambua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwilini kwenda kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 1999 watafiti wa Japani wakaitambua ghrelini, inayotoka tumboni na kuamsha hamu ya kula. Akiba ikipungua, leptini hushuka na ghrelini hupanda. Mwili hauulizi kama akiba imepungua kwa sababu mvua imegoma au kwa sababu mwenyewe anataka kuvaa gauni la zamani; kwake vyote ni ukame. Huko Melbourne, Australia, watu wanene 50 walipewa chakula kidogo sana kwa wiki kumi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: mwaka mmoja baada ya kupungua, homoni zao bado zilikuwa upande wa njaa, na wenyewe bado walihisi njaa kuliko kabla ya kuanza. Hawakuwa wavivu. Miili yao ilikuwa inafanya kazi iliyouwezesha ukoo wa binadamu kuvuka miaka ya kiangazi.

Ushahidi mzito zaidi ni wa zamani. Kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwalisha vijana 36 wenye afya, waliojitolea, wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku kwa miezi sita, huku wakitembea kilomita nyingi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Pamoja na uzito walipoteza furaha na utulivu. Wakawa wanawaza chakula mchana kutwa, wanasoma vitabu vya mapishi, wanalamba sahani. Waliporuhusiwa kula, baadhi walikula bila kufikia shibe kwa wiki nyingi. Na hapa pana jambo linalopitwa kwa urahisi: chakula chao kilikuwa viazi, mizizi, mkate na makaroni, vitu vinavyojaza tumbo. Kumbe tumbo kujaa peke yake hakutoshi, pengo kati ya kinachotumika na kinacholiwa likiwa kubwa mno. Dayati ya yai moja na tango mchana kutwa ni kuuitia mwili ukame kwa makusudi. Pengo la kalori 500 kwa siku hupunguza taratibu, kama nusu kilo kwa wiki mwanzoni, na njaa yake inabebeka. Kwa sharti moja: kinachobaki kwenye sahani kiwe cha kushibisha.

Vyakula havishibishi sawa hata kalori zikilingana. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa watu vyakula 38 tofauti, kila kimoja kwa kiasi cha kalori 240, wakawauliza kiwango cha shibe yao kwa saa mbili. Viazi vya kuchemsha viliongoza, vikishibisha zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Viazi hivyohivyo vilipokaangwa vikawa chipsi, viliushinda mkate kwa tofauti ndogo tu. Kiazi hakikubadilika, kilichoingia ni mafuta, na maji yakatoka. Tumbo hupima ujazo, uzito, maji, nyuzinyuzi na protini. Kalori zilizojificha ndani ya mafuta na sukari halizipimi vizuri hata kidogo.

Singida basi haihitaji kuagiza dawa ya njaa kutoka mbali. Nchini Mali watafiti walilinganisha vyakula vya kienyeji vya mtama na uwele, ukiwemo ugali wao mzito, na wali, viazi na tambi, wakapima chakula kinakaa tumboni muda gani. Matokeo yao ya mwaka 2018 yalionesha kwamba vyakula vya mtama na uwele hutoka tumboni polepole zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Bibi yeyote wa Iramba angewaambia bila kupima, kwamba ugali wa mtama unakaa. Lakini mjini mtama umegeuzwa chakula cha shida, na sembe nyeupe ikawa alama ya maendeleo. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa: pumba na kiini vimeondoka, na nyuzinyuzi nyingi zimeondoka navyo. Anayepunguza mwili akila sembe kidogo atateseka bure, wakati dona au mtama wa kiasi kilekile ungemfikisha jioni. Kama familia haiupendi mtama mtupu, unga uchanganywe nusu kwa nusu.

Sasa mafuta, na hapa pagumu, kwa sababu alizeti ndiyo fahari ya mkoa. Imesomesha watoto, imejenga nyumba, na mafuta yake ni mazuri kwa moyo kuliko mafuta yanayoganda. Hakuna anayesema yaachwe. Ila gramu moja ya mafuta yoyote ina kalori 9, wakati ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori zipatazo 120, na lita moja ina zaidi ya 8,000, yaani nguvu ya takriban siku nne za mwanamke mmoja. Vijiko viwili vina kalori sawa na kilo nzima ya mchicha mbichi. Ukiyamimina sufuriani kutoka kwenye dumu, huwezi kujua umeweka vijiko viwili au sita, na aliyekula hatahisi tofauti tumboni. Mtu akipunguza vijiko vinne vya mafuta kwa siku, pengo lake limekaribia kutimia bila kugusa tonge hata moja. Kupima kwa kijiko si kuidharau alizeti. Mlenda wenyewe tangu asili haupikwi kwa mafuta, na ule utelezi wake ni nyuzinyuzi zinazofyonza maji na kupunguza mwendo wa chakula tumboni. Chai yenye sukari na soda ziko kundi moja na mafuta: huingia kimyakimya, hazishibishi.

Pingamizi la bei nalichukulia kwa uzito wote. Protini ndiyo inayotuliza njaa kuliko kirutubisho kingine, na kuku wa Singida anajulikana hadi Dar es Salaam, lakini wafugaji wengi humuuza, hawamchinji siku ya kawaida. Jibu liko kwenye kunde, choroko na maharage. Karibu robo ya uzito wa kunde kavu ni protini, na nyuzinyuzi zimo humohumo. Bakuli la kunde na ugali wa saizi ya ngumi, pamoja na mboga za majani nyingi, ni mlo tofauti kabisa na ugali mkubwa wenye mchuzi wa mafuta, hata kama pesa iliyotumika ni ileile.

Wengine watasema tatizo ni kutofanya kazi. Watauliza: wakulima wangapi ni wanene? Kazi ya mwili ni nzuri kwa moyo, sukari na usingizi, lakini haichomi kama tunavyodhani. Wahadzabe, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, wakiwemo wale wa Mkalama humuhumu Singida, hutembea na kuchimba mizizi kila siku. Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu zinazotumiwa na 30 kati yao, wakachapisha mwaka 2012 kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, hawatumii zaidi ya Wamarekani na Wazungu. Kufunga nako si muujiza: huko Guangzhou, China, watu 139 walifuatiliwa mwaka mzima, na waliopunguza kalori huku wakila ndani ya saa nane tu hawakupungua kwa tofauti ya maana kuliko waliopunguza kalori bila kubanwa na saa. Ambaye kunamfaa, afunge, isipokuwa mjamzito, anayenyonyesha, na mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari, ambaye hapaswi kuruka mlo bila ushauri wa daktari. Chai za kupunguza tumbo nyingi huharisha. Kinachotoka ni maji. Na njaa isiyokoma ikiandamana na kiu, kukojoa mara kwa mara na kukonda bila sababu, hiyo si ya dayati, ni ya kwenda kupima sukari siku hiyohiyo.

Kinachobaki ni sufuria, kwa maana hakuna mama wa Ikungi au Manyoni atakayepika mara mbili. Wala hana haja. Kunde zikiiva na nyanya na kitunguu chake, apakue bakuli lake kwanza, kisha aweke mafuta ya watoto wanaokua, wanaoyahitaji kweli. Wote watakula chungu kimoja, na yeye atalala akiwa ameshiba.