Vizibo vya soda na kete za komwe

Juzi baada ya sala ya laasiri nilikuwa nimekaa barazani, Kibokoni, mjukuu wangu akanijia na karata za Pokémon mkononi. Karata hizi zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996. Huja katika pakiti zilizofungwa, mnunuzi asijue apatacho mpaka aichane. Akaniuliza, "Babu, hii ni kamari?"

Sikumjibu papo hapo. Nilikumbuka vizibo.

Ndugu msomaji aliyekulia Mji wa Kale atanielewa. Tulipokuwa watoto, kampuni moja ya soda ilichapa picha ndani ya vizibo vyake. Ukibandua kile kiplastiki cha ndani, waiona. Ukizipata zote, una zawadi. Tulizunguka mikahawa ya Ndia Kuu tukiokota vizibo chini ya meza, na mwenye senti akinunua soda asiyokuwa na kiu nayo. Mimi nilitumia senti za mafuta ya taa nilizopewa na mama. Picha moja haikupatikana kabisa, na fimbo za usiku ule ndizo zilizokuwa zawadi yangu.

Nikabaki na kopo zima la vizibo. Mjomba wangu alinikuta nikivihesabu, akasema, "Wewe wataka kuvikusanya au wataka kuvicheza?" Akachora kwa mkaa vyumba 64 juu ya ubao wa sanduku. Vizibo vyangu 12 nikavilaza kifudifudi, vyake 12 chali. Ndiyo dama, au drafti kama wasemavyo wengine. Alinifunga mwezi mzima bila huruma, lakini kila mchezo ukiisha alivirudisha vizibo nyuma akanionyesha pale nilipokosea.

Kutoka hapo akanivusha kwenye bao, na hapa ndipo wengi hukwama. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za nane nane, na kete 64 za komwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni: sita ndani ya nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani kwake. Kete 22 hubaki mkononi, za kunamua moja moja. Zikiisha, ndipo mtaji. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete wazoa, waendelea, na asiyeweza kuhesabu safari hiyo kichwani hupotea njiani. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, aliwafuata mabingwa wa Zanzibar akaandika kitabu kizima juu ya uwezo wao huo, kilichotoka mwaka 1995. Sisi wenyewe, jamani, tumeandika nini?

Ama kamari, mimi si mufti. Wanazuoni wa Kishafi waliihesabu sataranji kuwa makruhu, si haramu, maadamu hapana dau wala sala haipitwi. Kwa rai yangu kuzicheza karata hizi ni hesabu kama hesabu nyingine. Kinachonikera ni ile pakiti iliyofungwa, mtoto kulipia asichokijua, kama mimi na soda yangu.

Nikamuuliza mjukuu lile swali la mjomba. Akasema hana wa kucheza naye. Wenziwe hubadilishana tu. Wala si ajabu. Baraza aliyonifundishia mjomba sasa ni duka la simu.

Nikaingia ndani nikatoa bao, nikalipangusa vumbi. Akazishika komwe, akazigeuza geuza, akauliza pakiti zake zauzwa duka gani.