Nani Anamwambia Binti Yetu Yeye ni Nani?

Kila binti anapofikia umri wa kubaleghe hujiuliza swali moja, hata asipolitamka: mimi ni nani machoni pa watu? Zamani jibu lilitoka kwa watu waliomjua: mama yake, bibi yake, somo yake, mwalimu wake wa chuo. Leo jibu humfikia kwanza kupitia simu na televisheni, na wanaolitoa hawamjui, wala hawamtakii lolote ila macho yake na fedha yake. Sisi katika kamati ya msikiti hapa Ushongo, Wilaya ya Pangani, tumeona ni wajibu kulizungumza jambo hili na wazazi wenzetu, kwani mtu akikosa kuambiwa thamani yake nyumbani, ataipokea bei atakayopangiwa barabarani.

Zipo picha mbili zinazowasumbua zaidi mabinti wa mwambao huu.

Ya kwanza ni ile ya "mtoto wa Tanga". Kwa miaka mingi vichekesho, nyimbo na maigizo vimemchora mwanamke wa Tanga kuwa fundi wa mapenzi na si zaidi ya hapo: ajua kujifukiza udi, kulegeza sauti na kumpumbaza mwanamume. Watu wazima hucheka na kuuita utani. Lakini msichana wa miaka 14 anayekwenda sekondari na kutaniwa hivyo kila siku huanza kuamini kwamba hisabati na sayansi si zake. Usafi, upole na mapenzi ndani ya ndoa ni mambo ambayo dini imeyasifu. Ubaya ni kumpunguza mtu mzima hadi abakie kipande kimoja. Katika picha hiyo hawamo mama zetu wanaosuka makuti, wanaokwenda mwambani wakati wa bamvua, wanaokaanga samaki na kuwauza, na kwa senti hizo wakasomesha watoto. Hata katika matangazo ya utalii, pwani yetu ni minazi, mchanga na mgeni aliyejilaza. Mwenyeji akionekana, amebeba sinia.

Picha ya pili ni ya weupe. Sura zinazosifiwa katika simu zimelainishwa na kung'arishwa na programu, na binti huilinganisha sura hiyo na yake kiooni. Hapo ndipo mkorogo unapoingia. Ndugu wazazi, hili si suala la urembo pekee. Zebaki iliyomo katika baadhi ya vipodozi hivyo hudhuru figo, na dawa kali za steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu. Ile rangi nyeusi inayochukiwa ndiyo kinga aliyotupa Muumba dhidi ya jua, na jua la pwani twalijua. Nchini kwetu vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 nao uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza vipodozi vya zebaki. Hata hivyo, marufuku hayaondoi sababu inayomfanya binti akitafute kikopo hicho.

Sababu hiyo tuliiona katika matayarisho ya Maulidi ya kina mama. Binti mmoja mwenye sauti nzuri na matamshi safi alikataa kusoma. Alipoulizwa kwa upole, alisema kuwa wenzake watarekodi kwa simu, na yeye mweusi ataonekana vibaya kati yao. Elimu yake ilikuwa kamili. Kilichomfunga kinywa ni maoni ya watu ambao hawajamwona bado.

Dini yetu imelijibu jambo hili wazi. Katika Suratur-Rum, aya ya 22, tofauti ya lugha zetu na rangi zetu imehesabiwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Katika Suratul-Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kudharauliana na kuitana majina mabaya, na wanawake wametajwa humo mahususi. Ziko nyumba ambamo mtoto huitwa "mkaa" tangu anapotambaa; mtoto huyo hahitaji simu ili ajichukie. Tena tumepokea katika Hadithi kisa cha Zahir, mtu wa jangwani asiyekuwa na sura ya kupendeza. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkumbatia kwa nyuma sokoni na kwa mzaha akauliza nani atamnunua. Zahir akasema kuwa bei yake itakuwa duni. Mtume akamjibu kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu yeye si duni, bali ana thamani. Tazama mahali alipoambiwa: sokoni, mbele ya watu, pale pale wanadamu wanapopangiana bei.

Wazee wetu wa pwani walilifahamu hili. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia utenzi binti yake Mwana Hashima. Nasaha zake nyingi zahusu ndoa, lakini kwanza anamtaka binti aje na wino na karatasi, kisha anamwusia ashike dini. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, naye alimtungia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati. Wazazi hao hawakungoja mtoto aharibike ndipo waseme. Walimpa maneno ya kwenda nayo duniani.

Si lazima sote tuwe washairi. Barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa baba au mama, yenye kutaja wema halisi aliouona kwa binti yake, itahifadhiwa sandukuni miaka mingi.

Zaidi ya hayo, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mama aketi na binti waitazame simu pamoja, na kwa kila picha waulize: nani ameitengeneza, anauza nini, na amemwacha nani nje? Kumnyang'anya simu bila kumfundisha macho ni kuahirisha tu. Pili, apewe kazi ya kweli yenye amana: kutunza daftari la mahudhurio ya chuo, kuhesabu michango ya kina mama, kuwasomesha wadogo Juzuu Amma. Kujiamini huzaliwa na jambo ulilolifanya likafaa, na sifa tupu hazitoshi. Tatu, asimuliwe habari za wanawake walioachwa nje ya picha. Bibi Titi Mohamed, Mwislamu wa Dar es Salaam aliyezaliwa mwaka 1926, hakuwa na elimu kubwa ya shule. Alikuwa akiongoza kikundi cha ngoma. Kuanzia mwaka 1955 aliongoza wanawake wa TANU, na sauti yake ikawavuta wenzake kwa maelfu katika harakati za uhuru.

Kwa akina baba tuna neno moja zaidi. Binti humsikiliza sana baba anapomsifu kwa akili yake, na huumia sana baba anapocheka kichekesho kinachomdhalilisha. Utani wa "mtoto wa Tanga" ukisemwa barazani, asiwepo mzazi wa kuucheka.

Binti aliyekataa kusoma bado yuko chuoni, na nafasi yake katika Maulidi ijayo imewekwa. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape mabinti zetu haya isiyo woga na ujasiri usio kiburi, na atupe sisi wazazi ndimi za kuwaambia ukweli kuhusu thamani yao kabla wageni hawajawaambia uongo. Amin.