Kutoka Mokambo, Twende Tukaione Luapula

Kwa wengi wetu Lubumbashi, Mokambo ni malori, magunia ya unga wa mahindi na karatasi za forodha. Anayefika pale amefuata shughuli, na shughuli ikiisha hugeuza gari. Ni wachache wanaokumbuka kwamba barabara ile ile, ukiifuata kuelekea mashariki, inakufikisha kwenye mojawapo ya mabonde mazuri kuliko yote ya ukanda huu: bonde la mto Luapula. Mwisho wa wiki mrefu, familia yenye gari zima na subira kidogo inaweza kwenda kulitembelea.

Safari yenyewe ina mafundisho tangu mwanzo. Mokambo umekaa kwenye mwinuko unaogawa maji ya Afrika. Mvua inayonyesha upande wa Mufulira, Zambia, huingia mto Kafue, kisha Zambezi, hadi Bahari ya Hindi. Inayonyesha upande wa pili hushuka Luapula, ikapita ziwa Mweru, ikaingia Luvua na Lualaba, na mwisho humwagika Atlantiki pamoja na mto Kongo. Waingereza na watu wa mfalme Leopold walipogawana nchi kwa mkataba wa 1894, waliyafanya maji hayo kuwa mpaka: mwinuko huu upande mmoja, mto Luapula upande mwingine. Ndiyo sababu kipande cha Kongo kimechomoza ndani kabisa ya Zambia, na barabara ya kutoka Mokambo hadi Chembe inakikata kwa kilomita 70 hivi.

Njia hiyo inapita katika msitu wa miombo. Ukienda Septemba au Oktoba, kabla mvua haijaanza, miti inachipua majani mekundu na ya rangi ya shaba. Mvua zikishika, huja uyoga na vinkubala, yaani viwavi wa kuliwa. Huko Chembe, tangu 2008 kuna daraja lenye jina la Levy Mwanawasa, rais wa Zambia aliyefariki mwaka huo huo. Zamani magari yalisubiri pontoni. Simama salama kando ya daraja uutazame mto: hapa ni mtulivu, umetoka kwenye mabwawa ya Bangweulu.

Miamba na maji ya kasi utayaona baada ya mji wa Mansa. Huko Mambilima, mahali ambapo wakoloni walipaita Johnston Falls, Luapula haianguki mara moja. Inateremka kwa hatua, ikigawanyika kati ya mawe na visiwa, kwa mwendo wa kilomita kadhaa. Karibu na hapo, kwenye mto Luongo, yapo maporomoko ya Musonda, ambayo maji yake yanazalisha umeme. Ukiendelea hadi upande wa Kawambwa, mto Ngona unaanguka pale Ntumbachushi kwa mikono miwili mikubwa, na juu yake kuna njia za kutembea kwa miguu na vidimbwi kati ya miamba. Aprili hadi Juni ndio wakati mzuri: maji bado ni mengi na barabara zimeanza kukauka.

Mwenye kupenda historia apange safari mwishoni mwa Julai, afike Mwansabombwe kwenye sherehe ya Umutomboko, ambapo Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa huko, mwenyewe hucheza mbele ya watu. Ngoma hiyo inakumbusha safari ya Walunda waliotoka magharibi, katika nchi ya Mwata Yamvo iliyomo leo Kongo, wakavuka Luapula na kujenga ufalme uliofanya biashara na pwani zote mbili. Livingstone alifika katika boma la Kazembe mwaka 1867. Mtoto wa Katanga anayesimama pale anaona kwamba mto huu uliwaunganisha watu wake muda mrefu kabla haujaitwa mpaka.

Asiyetaka kuvuka mpaka ana Kasenga, kwenye ukingo wetu wa Luapula, mji uliolisha Lubumbashi samaki kwa miaka mingi. Huko bonde limepanuka, mafunjo na ndege ni wengi, na mtumbwi wa mvuvi anayejua njia ndio chombo cha matembezi.

Mambo machache ya lazima. Ukivuka, beba pasipoti, karatasi za gari na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Usiogelee popote bila kuuliza wenyeji: Luapula ina mamba na viboko, na maji yaliyosimama yana kichocho. Chukua kiongozi wa kijijini na umlipe vizuri.

Malipo hayo nayasisitiza, kwa sababu mabonde haya yameumizwa na watu walioyaona kama ghala tu. Samaki aitwaye mpumbu alikuwa akipanda Luapula kwa makundi makubwa kutaga mayai wakati wa mvua. Njaa ya miji ya migodi ilileta nyavu, ikafuata hata mayai yake, na katika miaka ya 1940 makundi hayo yakasambaratika. Na Februari 2025, upande wa pili wa mwinuko wetu, bwawa la taka za mgodi wa Sino-Metals Leach huko Chambishi lilibomoka, asidi ikaingia mto Mwambashi na kufika Kafue. Samaki wakafa, na Kitwe ikakatiwa maji ya bomba.

Mto unaotembelewa una mashahidi. Mtu aliyeketi Mambilima na wanawe atajua maji yakibadilika rangi, na atapiga kelele. Kijiji kinachopata riziki kwa wageni kina sababu ya kulinda miti ya ukingoni isiishie kwenye tanuri za makaa. Kwa hiyo naomba viongozi wa Sakania na Kasenga waanze na madogo: vibao vya njia, mahali safi pa kupiga hema, vijana waliofunzwa kuongoza wageni. Nasi wasafiri tufanye sehemu yetu. Tulale huko, tule bukari na samaki wa huko, turudi na taka zetu, na tuwapeleke watoto wakingali wadogo, ili wakikua wasikubali kuambiwa kwamba mto ni wa mtu mwingine.