Mashine ya Kukatia Nyasi kwa Uwanja wa Idi wa Juja

Idi ya Fitri ya mwaka 2024 iliangukia Aprili 10, masika yakiwa yamepamba moto. Kwetu pwani mvua hunyesha juu ya mchanga, na baada ya muda mfupi mtu hutandika mkeka wake akaswali. Juja sivyo. Sehemu kubwa ya ardhi ya huko ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukinywa maji huvimba na kunata, na jua likiwaka hupasuka nyufa. Msikiti ukiwa mdogo, swala ya Idi huhamia uwanjani, na safu za akina mama ndizo za nyuma, mahali ambapo magari na mashine zimepita na kuacha mifereji ya tope.

Ndiyo maana swali tulilopokea kutoka kwa akina mama wa huko tumeliona kuwa lina uzito. Wamechanga fedha za kununua mashine ya kazi kwa ajili ya uwanja wa madrasa, nao wanauliza: ipi itafaa panapolowa? Katika hadithi ya Ummu Atiyya, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliamrisha wanawake watoke siku ya Idi, hata walio katika hedhi, ingawa hao hujitenga na mahali pa kuswalia. Walioamrishwa kutoka wana haki ya kupata pa kukaa.

Tuanze na nyasi. Zinazoota huko kwa wingi ni zile ziitwazo za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, nazo zimepelekwa mpaka Australia na Afrika Kusini. Hutambaa, hufungamana kama godoro, na wakati wa mvua hurefuka upesi mno.

Mashine ya kukatia nyasi ilibuniwa mwaka 1830 na Mwingereza Edwin Budding, aliyeiga mtambo wa kupunguza manyoya ya kitambaa cha sufu. Rola ilikuwamo tangu siku hiyo. Visu vyake vilizunguka juu ya silinda na kukata mfano wa mkasi, na mashine za namna hiyo zinauzwa hata leo. Hukata kwa unadhifu mkubwa, ila zinataka nyasi fupi, kavu, na ardhi iliyo sawa. Katika nyasi za Kikuyu zilizolowa, silinda hukwama, au hulaza nyasi chini bila kuzikata. Hatuwashauri kuinunua hiyo, hata muuzaji akiisifu vipi.

Ifaayo ni ile yenye kisu kimoja kinachozunguka kwa kasi chini ya kifuniko, na nyuma, badala ya magurudumu mawili, ina rola. Magurudumu membamba hubeba uzito wote mahali padogo, kwa hiyo huzama. Rola huutandaza uzito huo kwa upana wote wa mashine. Lakini rola nayo ina aibu zake. Ikiwa ni chuma laini, huteleza penye mteremko wenye maji. Iliyovikwa mpira hushika vizuri zaidi. Iwe imegawanywa vipande viwili, ili wakati wa kugeuza isichune nyasi. Kifuniko kiwe cha aluminiamu, kwa kuwa nyasi mbichi hugandamana ndani yake na chuma hushika kutu. Iwe inajiendesha yenyewe, kwani kijana wa kibarua anayeisukuma topeni naye ana mgongo. Injini iwe ya petroli. Waya wa umeme haufai kuburutwa majini.

Wala mtu asidhani kwamba rola inahalalisha kila kitu. Mashine ya kazi ni nzito, na udongo uliolowa ukigandamizwa haupitishi maji tena. Kanyageni kwanza: maji yakitokeza kando ya kiatu, acheni kazi. Yasipotokeza, inueni kisu juu, msikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi. Nyasi zikiziba, injini izimwe na waya wa plagi uchomolewe kabla ya mkono kuingia. Watoto wakae mbali, na anayeiendesha avae gambuti na suruali, si kanzu.

Sasa tufike kwenye biashara yenyewe, ambako wengi hupoteza fedha za wakfu. Mashine ikiwa na kasoro iliyofichika, mnunuzi ana khiyari ya kuirudisha. Lakini mashine nzima isiyoweza matope haina kasoro. Haikufaa tu, na hapo muuzaji hadaiwi kitu. Kinga yake ni khiyari ya sharti: mnakubaliana wakati wa kununua kwamba mtaijaribu, na mkiikataa mtarudishiwa fedha. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, muda huo hauzidi siku 3. Siku 3 za jua hazitawaonyesha lolote. Basi msinunue Januari kwa sababu duka limepunguza bei. Nunueni mvua ikinyesha, mashine ipelekwe kule nyuma kwenye safu za akina mama. Kabla ya kulipa, ulizeni kama mikanda, visu na spea nyingine hupatikana Thika au Nairobi. Sharti la siku 3 liandikwe kwenye risiti, na risiti iwe kwa jina la wakfu, si la mtu.