BAO HUNOA AKILI YA MZEE



Katika toleo hili ukurasa wetu wa afya unazungumza na wazee, pamoja na watoto na wajukuu wanaoishi nao. Tumezoea kumpeleka mzee hospitali anapoumwa magoti au presha inapopanda. Lakini akili yake nani anaitunza? Mara nyingi mzee hupewa chakula, hupewa dawa, huwekewa kiti barazani, kisha huachwa hapo tangu asubuhi hadi jioni bila mtu wa kuzungumza naye. Sisi wauguzi tunasema kwamba hayo si matunzo kamili.

Kusahau kwa uzee na kusahau kwa ugonjwa

Kila mzee husahau kidogo. Kusahau mahali ulipoweka miwani, kisha ukakumbuka baadaye, si ugonjwa. Lakini uko ugonjwa wa ubongo ambao madaktari huuita dimensia. Mgonjwa huuliza swali lile lile mara nyingi, hupotea katika njia aliyoipita miaka yote, hushindwa kuhesabu chenji, au hubadilika tabia. Alzheimer ndiyo aina yake inayojulikana zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Basi tusidhani kuwa ni ugonjwa wa Wazungu.

Hapa tuseme wazi. Katika baadhi ya sehemu za nchi yetu, bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, anayezungumza peke yake na kutangatanga usiku, amedhaniwa kuwa mchawi, na wako waliouawa kwa dhana hiyo. Huyo si mchawi. Huenda ni mgonjwa, naye anahitaji matunzo na ulinzi.

Je, mchezo unasaidia?

Mwaka 2003 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti wa wazee 469 wa New York, wenye umri wa zaidi ya miaka 75, waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliokuwa wakisoma, wakicheza michezo ya ubaoni, wakipiga vyombo vya muziki au wakicheza dansi walipata dimensia kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Hata hivyo tusiseme kuwa mchezo ni chanjo. Yawezekana mtu ambaye ubongo wake umeanza kuugua huacha michezo mapema, kabla hata jamaa zake hawajagundua. Tunaloweza kusema kwa uhakika ni kwamba akili inayotumika na mzee asiye mpweke ni mambo mema, wala hayana gharama.

Wachina wana majongi yao, na wengine wana sataranji. Sisi tunalo bao. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipenda kulicheza. Mwaka 1995 mtaalamu wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alitoa kitabu juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar, ambao hupiga hesabu ya mizunguko mingi kichwani kabla ya kugusa kete. Mchezaji wa bao huhesabu, hukumbuka, hupanga na kumsoma mwenzake. Vidole navyo hupata kazi. Zaidi ya yote, bao halichezwi na mtu mmoja. Lazima awepo mwenzako wa kucheka naye na kutaniana naye.

Namna ya kuanza

Anayejifunza asianze na bao kubwa la Kiswahili, lenye nyumba na kunamua. Aanze na bao la kujifunza. Huo ubao una mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake. Kete ni 64, nazo huwekwa mbili mbili katika kila shimo. Komwe ndizo kete za asili, lakini hata mawe madogo yanafaa. Asiye na ubao achimbe vishimo ardhini.

1. Chagua shimo lako lenye kete mbili au zaidi. Zitoe zote, uzipande moja moja katika mashimo yanayofuata, ukizunguka safu zako mbili.

2. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lako la safu ya mbele lililokuwa na kete, na shimo la mwenzako linalolitazama nalo lina kete, unakula. Kete ulizokula unazipanda upande wako, kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu yako ya mbele.

3. Ukiwa na nafasi ya kula, ni lazima ule. Ukikosa, unatakata: unapanda bila kula chochote katika zamu hiyo. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazichukua zote na kuendelea.

4. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala. Sasa ni zamu ya mwenzako.

5. Ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, au hana shimo lenye kete zaidi ya moja, ameshindwa.

Siku za kwanza mzee atachanganyikiwa. Asiharakishwe, wala asichekwe mbele za watu. Aliyecheza ujanani huenda akaushangaza ukoo mzima. Na bao si la wanaume peke yao. Bibi naye ana akili ya kunolewa. Akiona haya kukaa kijiweni, achezee nyumbani na mjukuu wake.

Mambo ya kuangalia kiafya

Mzee akalie kiti chenye egemeo, na ubao uwekwe juu ya meza, ili asiinamie chini muda mrefu. Kila baada ya nusu saa ainuke, atembee kidogo, anywe maji. Kama hazioni kete vizuri, apimwe macho; mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji. Kama hasikii, apimwe masikio, maana asiyesikia hujitenga na watu. Moshi wa sigara usiwepo barazani. Saa ya dawa za presha au za kisukari isipitwe kwa utamu wa mchezo. Na bao lisigeuzwe kamari: fedha ikiingia, ugomvi huifuata.

Tukumbuke pia kuwa bao halichukui nafasi ya matibabu. Presha na kisukari visivyotibiwa, sigara, pombe nyingi na kukaa bila mazoezi huudhuru ubongo. Mzee atembee, alime bustani kadiri ya nguvu zake, na ahudhurie kliniki.

Lini aletwe hospitali?

Aletwe akionyesha dalili za usahaulifu tulizozitaja. Wako ambao kusahau kwao kunatokana na sonona, upungufu wa vitamini, tezi ya shingoni au dawa wanazotumia, na hao husaidika sana. Lakini mzee aliyekuwa mzima jana, na leo haeleweki asemayo, aletwe siku hiyo hiyo. Dimensia huja polepole. Kuchanganyikiwa kwa ghafla huweza kuwa malaria, maambukizo mengine, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka au kiharusi. Mdomo ukipinda, au mkono ukilegea, msingoje hata saa moja.

Kazi yetu kama Wakristo

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Jumapili ya nne ya mwezi Julai. Ni vizuri kuiadhimisha kanisani, lakini mzee anaishi siku zote za mwaka. Jumuiya ndogo ndogo haziwezi kushindwa kuweka mbao mbili za bao mahali palipo na kivuli, alasiri moja kila juma. WAWATA waone kuwa akina bibi hawasahauliwi, na vijana wawasindikize wasioweza kutembea peke yao. Amri ya Nne ya Mungu haitimizwi kwa kutuma fedha tu, mara nyingine hutimizwa kwa kukaa chini na kusema, "Babu, leo nifundishe bao."